Dennis Ritchie, mtu aliyeipunguzia mashini mzigo

Tarehe 14 Oktoba 2025, kampuni ya Microsoft ya Marekani ilimaliza muda wa kuutunza mfumo wake wa Windows 10. Kwa biro, masomo na sekretaria za kusini mwa jimbo la Maniema, tarehe hiyo si habari ya mbali. Windows 11, iliyokuja kushika nafasi, inaomba walau gigabaiti 4 za kumbukumbu, gigabaiti 64 kwenye diski, na kifaa cha usalama ndani ya mashini ambacho ordinatere nyingi za zamani hazina. Mwenye mashini ya miaka kumi na tano anaambiwa neno moja tu: anunue nyingine.

Kwa wakaaji wa Kasongo na Kabambare, kununua nyingine ni safari. Mashini inatoka Bukavu, Goma, Lubumbashi ao Kindu, inapakiwa kwenye gari ao kwenye pikipiki, inapita njia ambazo mvua inazikata, na bei ya njia inajiongeza juu ya bei ya dukani. Ndiyo maana ordinatere iliyofika zamani haitupwi. Inapanguswa vumbi, inawashwa tena kwa umeme wa jua ao wa jenereta, na mwenyewe anaisubiri ifunguke huku wateja wanakaa kwenye benchi.

Lakini kuna njia nyingine, na haianzi kwa kubadili mashini. Inaanza kwa kubadili mzigo ambao mashini inabebeshwa. Njia hiyo ilifunguliwa zaidi ya miaka 50 iliyopita na watafiti wachache wa kampuni tajiri ya Marekani, ambao nao waliomba mashini mpya na hawakuipata. Mmoja wao alikuwa Dennis Ritchie, aliyekufa mwaka 2011. Watu wengi hawajui jina lake, ijapokuwa karibu kila simu inayouzwa sokoni Kasongo inabeba alama ya kazi yake.

Mtoto wa nyumba ya utafiti

Dennis MacAlistair Ritchie alizaliwa tarehe 9 Septemba 1941 kule Bronxville, katika jimbo la New York. Baba yake, Alistair Ritchie, alikuwa mtaalamu wa Bell Labs, nyumba ya utafiti ya kampuni ya simu AT&T. Jamaa ilihamia Summit, katika jimbo la New Jersey, na Dennis akamaliza masomo ya sekondari pale. Kisha akaenda chuo kikuu cha Harvard, ambako alipata diploma ya fizikia mwaka 1963, akaendelea na hesabu.

Siku moja huko Harvard alifuata somo juu ya namna ordinatere iitwayo Univac I inavyofanya kazi. Tangu hapo mashini hizo zikamvuta kuliko fizikia. Mwaka 1968 alimaliza kitabu chake cha udaktari na kukitetea, lakini hakupeleka nakala iliyofungwa vizuri kama sheria ya chuo ilivyotaka. Kwa hiyo hakupewa daraja la daktari. Mwanafunzi yeyote wa Maniema ambaye TFC yake imekwama kwenye meza ya sekretaria, ikingoja feza ya kuchapisha na kufungisha, anaweza kuelewa namna karatasi chache zinavyoweza kusimama kati ya mtu na cheti chake.

Ritchie hakukosa kazi kwa sababu hiyo. Tangu mwaka 1967 alikuwa amekwisha kuingia Bell Labs, kwenye makao yake ya Murray Hill, New Jersey, katika nyumba ileile ya utafiti ambayo baba yake aliitumikia. Wenzake walimjua kama mtu mpole, asiyependa kujionyesha, na mwenye kalamu nzuri. Wengi walimwita kwa herufi tatu tu alizotumia kwenye mashini: dmr.

Mfumo uliokuwa mzito kupita kiasi

Ili kuelewa kazi yake, lazima kujua mfumo ni kitu gani. Mfumo, ule ambao wengi wanauita sistemu, ndiyo programu kubwa inayoamka mashini inapowashwa, na inabaki macho mpaka mashini inapozimwa. Unagawia programu zingine kumbukumbu, unapanga faili kwenye diski, unasikiliza kibodi, unaandika kwenye ekrani. Kila programu unayofungua inapita mikononi mwake. Mfumo ukiwa mzito, unakula kumbukumbu kabla mwenye mashini hajaandika hata herufi moja.

Ritchie alipofika Bell Labs, aliwekwa kwenye kazi ya mfumo mzito kweli. Uliitwa Multics, na ulitengenezwa kwa ushirika wa chuo cha MIT, kampuni ya General Electric na Bell Labs. Shabaha yake ilikuwa kubwa: ordinatere moja ihudumie watu wengi kwa wakati mmoja, kama vile SNEL inavyogawa umeme na REGIDESO inavyogawa maji. Mawazo yake mengi yalikuwa mazuri. Lakini kazi ilichelewa, mashini yake ilikuwa ya bei kali, na kila mtu alipoongeza kitu, mfumo ulizidi kuvimba. Mwaka 1969 Bell Labs ilijitoa.

Kwa Ritchie na wenzake hiyo ilikuwa hasara ya kila siku. Walikuwa wamezoea watu kadhaa kufanya kazi pamoja kwenye mashini moja, kila mmoja na kibodi yake, wakiachiana faili na kusaidiana. Walitaka kuendelea hivyo. Katika mwaka ule wa 1969 waliomba wakubwa wao wanunue ordinatere ya kadiri, kisha wakaomba tena. Hawakukataliwa waziwazi, lakini hawakukubaliwa. Wakubwa walikuwa wametoka kutupa feza nyingi katika Multics, na hawakutaka kusikia tena habari ya mifumo.

Mashini iliyoachwa pembeni

Mwenzake wa karibu alikuwa Ken Thompson. Thompson alikuwa ametunga mchezo wa kuendesha chombo kati ya jua na sayari, na aliuchezea kwenye ordinatere kubwa ya kazi. Kila mara alipocheza, matumizi ya mashini hiyo yalihesabiwa kama dola 75. Akatafuta mashini nyingine, akaipata PDP-7 ya kampuni ya Digital Equipment Corporation, ambayo watu waliitumia kwa nadra. Ilikuwa ndogo na imepitwa na mashini zilizotoka nyuma yake. Ilikuwa na maneno ya kumbukumbu elfu 8 hivi, yaani karibu kilobaiti 18. Lakini ilikuwa na ekrani nzuri.

Thompson na Ritchie wakauandika upya mchezo kwa ajili ya mashini hiyo. Haikuwa rahisi. PDP-7 haikuwa na programu za kuwasaidia, kwa hiyo waliandaa kila kitu kwenye ordinatere kubwa, wakakitoboa kwenye utepe wa karatasi, wakaubeba mkononi mpaka kwenye mashini ndogo. Ndivyo leo mtu anavyojaza faili kwenye kle ya USB kule Kindu na kuipeleka Kabambare mfukoni.

Wakiwa katika kazi hiyo, walikumbuka mpango wa kupanga faili ambao Thompson, Ritchie na mwenzao Rudd Canaday walikuwa wameuchora kwenye ubao. Thompson akaujenga ndani ya PDP-7. Ukafuata mpango wa kuendesha programu kadhaa, kisha programu ndogondogo za kunakili faili, kufuta, na kuandika. Mwishowe mashini ikaweza kujitegemea, bila utepe kutoka nje. Mwaka uliofuata mfumo huo mdogo ukapata jina kwa njia ya mzaha. Multics lilikuwa na maana ya vitu vingi, basi huu ukaitwa kwa neno la kitu kimoja. Baadaye jina likaandikwa Unix.

Hawa watu hawakuchukua mfumo mkubwa na kuukatakata mpaka uenee. Waliuliza kila mara kitu gani ni cha lazima, na kisicho cha lazima wakakiacha nje. Ufinyu wa mashini uliwafundisha adabu. Na baadaye, kwa wazo la mwenzao Doug McIlroy, programu ndogo ziliungwa moja kwa nyingine, kama kazi ya mpunga ambayo Kasongo inaijua vizuri: mmoja anatwanga, mwingine anapepeta, mwingine anapima kwa kopo. Hakuna anayelazimishwa kufanya yote, na mchele unatoka.

Waandikaji watatu wa mashini ndogo

Mwaka 1970 walipata mlango wa kuingilia. Hawakuomba tena mashini ya kutafitia mifumo, neno ambalo wakubwa walichoka nalo. Waliomba mashini ya kuandikia na kupanga maandishi, kazi ambayo kampuni iliihitaji. Safari hii wakakubaliwa, wakaletewa PDP-11. Mashini ilifika mwisho wa kiangazi, lakini diski yake ilikawia mpaka Desemba.

Biro ya hataza ya Bell Labs, ile iliyoandika maombi ya kulinda uvumbuzi wa kampuni, ilikuwa na kazi kubwa ya kuchapa karatasi zenye masharti makali ya mistari na namba. Ikaukubali mfumo wa Ritchie na Thompson. Katika nusu ya pili ya mwaka 1971, waandikaji watatu wa biro hiyo walishinda wakiandika, wakisahihisha na kupanga maombi kwenye mashini hiyo moja, wakati watafiti wenyewe nao waliendelea na kazi zao juu yake.

Mashini hiyo ilikuwa na kumbukumbu ya kilobaiti 24. Kati ya hizo, 16 zilikuwa za mfumo, na 8 zilibaki kwa programu za watumiaji. Diski yake ilibeba kilobaiti 512. Picha moja ya simu yenye megabaiti 2 isingeenea kwenye diski hiyo hata robo yake kuzidi kidogo. Na bado watu watatu walipata mshahara wao juu yake, karatasi zikatoka, na biro ikaridhika.

Watumiaji wale wa kwanza wa Unix nje ya kundi la watafiti hawakuwa wanasayansi. Walikuwa watu wa kazi ileile inayofanywa leo na sekretaria za Kasongo: kupokea karatasi ya mkono, kuiandika safi, kuisahihisha, kuitoa. Kazi hiyo haijawa nzito kuliko ilivyokuwa. Kilichokuwa kizito ni mifumo na programu zinazoizunguka.

Novemba 1971, Thompson na Ritchie walitoa kitabu cha kwanza cha maelezo ya mfumo wao. Kila programu ilipewa maelezo mafupi, na chini yake palikuwa na nafasi ya kutaja makosa yake yaliyojulikana. Aliyeanza kuitumia alijua mapema wapi itamwangusha.

Luga iliyobebeka

Kama kazi ingeishia hapo, Unix ingekufa pamoja na PDP-11. Siku zile mfumo uliandikwa kwa alama za mashini moja, na mashini nyingine haikuweza kuzisoma. Ulikuwa kama ufunguo wa kufuli moja. Mashini ikizeeka, mfumo unazikwa nayo.

Hapa ndipo Ritchie alipofanya kazi yake kubwa kuliko zote. Kati ya mwaka 1971 na 1973, akianzia kwenye luga ndogo ya Thompson iliyoitwa B, alitengeneza luga ya kuandikia programu aliyoiita C. Luga hiyo ilikuwa karibu na mashini kiasi cha kuandika mfumo usio mzito, lakini haikufungwa kwenye mashini moja. Mwandishi anaandika mara moja, kisha programu ya kutafsiri inageuza maandishi yake kuwa alama za mashini iliyoko mbele yake. Mwaka 1973 yeye na Thompson waliandika upya moyo wa Unix kwa luga ya C.

Miaka michache baadaye, Ritchie na mwenzake Steve Johnson waliuhamishia mfumo kwenye ordinatere ya kampuni nyingine kabisa, Interdata, iliyojengwa kwa namna nyingine. Hilo lilionyesha kwamba mfumo unaweza kuhama nyumba. Mwaka 1978 Ritchie na Brian Kernighan walitoa kitabu chembamba cha kufundisha luga ya C, ambacho vizazi vya waandishi wa programu vimejifunzia katika inchi nyingi.

Jambo hilo ndilo linalompa nafasi mtu wa Kabambare leo. Mfumo ulioandikwa kwa luga inayobebeka unaweza kutafsiriwa kwa mashini kubwa ya benki na kwa ordinatere ndogo ya mwaka 2005. Anayeamua kwamba mashini ya zamani isihudumiwe tena si fundi wa luga. Ni mwenye kampuni anayehesabu faida yake, ao kundi la kazi lisilo na watu wa kutosha wa kuitunza.

Kilichoongezwa na wengine

Ritchie hakutoa mfumo huo bure kwa dunia. Ulikuwa mali ya AT&T. Lakini makubaliano ya mwaka 1956 kati ya kampuni hiyo na serikali ya Marekani yaliizuia kufanya biashara nje ya mambo ya simu, kwa hiyo vyuo vikuu vilipewa Unix kwa bei ndogo, pamoja na maandishi yake ya ndani. Wanafunzi waliyasoma, wakayasahihisha, wakaongeza ya kwao. Kampuni ilipogawanywa mwaka 1984 na kuruhusiwa kufanya biashara, mlango ulianza kufungwa na bei ikapanda.

Wengine wakajenga upya toka msingi, wakifuata ramani ya Unix bila kunakili maandishi yake. Mwaka 1983 Richard Stallman alitangaza mradi wa GNU, uliotaka mfumo ambao kila mtu ana ruhusa ya kuusoma, kuubadili na kuugawa. Mwaka 1987 mwalimu Andrew Tanenbaum wa Amsterdam alitoa Minix, mfumo mdogo wa kufundishia. Mwaka 1991 mwanafunzi Linus Torvalds wa Helsinki, mwenye ordinatere ya kumbukumbu ya megabaiti 4, alianza kuandika moyo wa mfumo ambao ukaitwa Linux. Sehemu kubwa yake iliandikwa kwa luga ya C. Mwaka 1993 ulianza mradi wa Debian, ambao watu wa kujitolea wanaukusanya na kuugawa bila malipo mpaka sasa.

Simu za Android zinaendeshwa na moyo wa Linux. Mashini za Apple nazo zina ukoo wa Unix. Kwa hiyo mtu wa Salamabila anayetuma feza kwa simu anapita kwenye njia iliyochorwa pale Murray Hill, hata kama hajawahi kusikia jina la dmr.

Heshima na kifo cha kimya

Heshima zilikuja. Mwaka 1983 Ritchie na Thompson walipewa tuzo ya Turing, iliyo kubwa kuliko zote katika elimu ya ordinatere. Mwaka 1999 rais Bill Clinton aliwapa medali ya taifa ya teknolojia. Mwaka 2011 walipewa tuzo ya Japani. Ritchie alibaki Bell Labs maisha yake yote ya kazi, akiongoza idara ya utafiti wa mifumo katika miaka ya mwisho, na alistaafu mwaka 2007. Hakuoa. Hakuanzisha kampuni yenye jina lake.

Afya yake ilikuwa imeharibika. Oktoba 2011 alikutwa amekufa nyumbani kwake Berkeley Heights, New Jersey, alikokuwa akiishi peke yake. Alikuwa na miaka 70. Wiki moja mbele yake alikuwa amekufa Steve Jobs wa Apple, na magazeti ya dunia yalijaa habari za Jobs. Kifo cha Ritchie kilitangazwa na wenzake wachache kwenye intaneti.

Hesabu kwa Kasongo na Kabambare

Kwa mwenye mashini ya zamani, maisha ya Ritchie yanaleta hesabu nne za kufanya kabla ya kutoa feza.

Ya kwanza ni kuijua mashini yenyewe: ina kumbukumbu kiasi gani, na ni ya biti 32 ao 64. Ikiwa ya biti 64 na ina gigabaiti 2 ao zaidi, mifumo kama Lubuntu ao Linux Mint yenye sura ya Xfce inaweza kuiendesha, mradi mwenyewe asiilazimishe kufungua mambo mengi pamoja. Ikiwa ya biti 32, nafasi zinapungua. Debian 13, iliyotoka Agosti 2025, haiwekwi tena kwenye mashini kama hiyo, lakini Debian 12 bado inakubali. Kwa mashini dhaifu zaidi kuna antiX na Puppy Linux, zilizotengenezwa kwa kuwaza ordinatere za zamani, na kuna Tiny Core, ambayo inachukua megabaiti chache kuliko video moja fupi ya simu. Zote zinapatikana bila malipo. Kinacholipwa ni intaneti ya kuzishusha, na hiyo inaweza kufanywa mara moja mahali ambako mtandao una nguvu, kisha kle moja ikahudumia mashini nyingi.

Ya pili ni kujaribu mbele ya kufuta. Mingi ya mifumo hiyo inaweza kuwashwa kutoka kwenye kle bila kugusa diski. Hapo mtu anaangalia kama kibodi ya Kifaransa inaandika sawa, kama sauti inatoka, kama mashini ya kuchapisha inaitikia. Na faili zote za wateja zinakiliwe kwanza mahali pengine. Mashini ya kuchapisha isiyotambuliwa inaweza kufunga sekretaria siku nzima.

Ya tatu ni kujua kitu ambacho mfumo mwepesi hauwezi. Hauwezi kufanya ukurasa mzito wa intaneti uwe mwepesi. Kivinjari ndicho kinachokula kumbukumbu kuliko programu zote za kila siku, na kwenye mashini ya megabaiti 512 kitachoka haraka. Hauwezi pia kupunguza sana njaa ya umeme. Ordinatere ya mezani yenye ekrani nene ya zamani inakula umeme kupita ya kupakata, na kwa mtu anayetegemea jua na batri, hesabu hiyo inaweza kushinda bei ya mashini. Na programu inayodai Windows peke yake, kama zile ambazo ofisi fulani inalazimisha, itahitaji mashini moja ibaki na Windows.

Ya nne ndiyo wengi wanaisahau. Kule Murray Hill, aliyekwama alivuka ukumbi na kumwuliza aliyeandika programu. Kule Kabambare, fundi pekee anayejua Linux anaweza kuhamia Bukavu kesho, na mwalimu aliyeachiwa mashini akabaki na ekrani nyeusi. Dawa yake ni ileile ya Novemba 1971: kuandika. Daftari moja kando ya mashini, kwa Kiswahili cha kila siku, lenye jina la mfumo uliowekwa, neno la siri mahali pa salama, namna ya kuwasha kle, na makosa yaliyokwisha kuonekana pamoja na namna yalivyotengenezwa. Masomo mawili ama sekretaria mbili zikichagua mfumo mmoja badala ya kila moja wa kwake, daftari la moja litamsaidia jirani.

Ordinatere ya zamani yenye gigabaiti 1 tu, iliyofunikwa kitambaa katika biro moja ya Kasongo, ina kumbukumbu zaidi ya mara 43,000 kuliko mashini ambayo waandikaji watatu wa Bell Labs waliitumia kupata mkate wao mwaka 1971. Kabla ya kutafuta gari la kuleta nyingine, mwenyewe anaweza kwanza kuuliza inabeba mzigo gani, na nani aliuweka juu yake.